Kukwama, Kutuama na Shwari

Jumatano, jioni. Foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, imerudi nyuma mbali, na anayepiga simu nyumbani anasema neno moja tu: "Tumekwama." Amelenga. Kukwama kunataka kizuizi: matope, shimo, au feri ambayo bado iko ng'ambo. Injini ikifa, gari limezimika. Dereva akikanyaga breki kwa hiari yake, limesimama. Kuyachanganya haya ni kumnyima msikilizaji nusu ya habari.

Sikiliza mwisho wa maneno yenyewe: simama, inama, gandama, kwama, tuama. Hiyo -ama ndiyo kauli ya kutendama inayofundishwa shuleni: kitu kimeingia katika hali na kinabaki humo. Mguu ukigonga jiwe, umejikwaa, na jambo limekwisha. Ukinasa hapo hapo, umekwama. Kutua ni kwa ndege na mzigo, kutuama zaidi ni kwa maji. Tazama kahawa chungu inayomiminwa kutoka kwenye dele, birika la kahawa: usiikoroge, iache kidogo, na mashapo yatashuka yalale chini ya kikombe. Yametuama. Ukitikisa tu, yanapanda tena mpaka ulimini. (Maji yaliyotuama kwenye tairi kuukuu ni habari nyingine: yamwage kila wiki, kabla viluwiluwi havijawa mbu.)

Neno ninalolionea uchungu ni shwari. Mjini, "mambo shwari" ni heri tupu. Baharini, shwari ni upepo kukata, hasa majira ya tanga mbili, kaskazi ikiisha na kusi haijashika. Tanga linaning'inia kwenye foromali, ule mti unaolibeba, uso wa maji unang'aa kama kioo, na abiria anadhani chombo kimetulia. Hakijatulia. Usukani hushika pale tu maji yanapoupita, na chombo kisichokwenda hakisikii usukani. Wakati huo huo mkondo wa maji kupwa unakibeba taratibu kuelekea mwambani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa sita hivi, kwa hiyo mkondo si wa kuchezewa.

Ndiyo maana nahodha aliyepatwa na shwari penye mkondo hutia nanga kwanza. Tuli yenyewe huja baadaye, dakika chache tu, maji yasipojaa wala kupwa. Utaijua kwa kamba ya nanga: inalegea.