Simu mbili, masafa mamoja: kuzitenganisha kwa antena 4

Simu mbili zikituma kwa wakati mmoja na masafa yaleyale, kila antena ya kituo hupokea mchanganyiko. Kinachozitofautisha ni njia: kila simu hufika kwenye kila antena kwa ukubwa na fazi yake (hatua ambayo wimbi limefikia). Kwa hiyo kwanza pima chaneli, yaani njia hizo. Kila simu itume alama za majaribio zinazojulikana, zisizogongana na za mwenzake, kisha ujaze matriksi H, jedwali lenye mstari kwa kila antena na safuwima kwa kila simu. Antena 4 na simu 2 hutoa namba changamano 8, kila moja ikibeba ukubwa na fazi.

Wengi hukimbilia kugeuza H tu (kwa kinyume-bandia, maana H si ya mraba) ili kuzitenganisha simu. Mwingiliano hufutika kweli, lakini safuwima mbili za H zikikaribia kufanana, kelele hukuzwa mno. Mimi napendelea MMSE, njia inayopunguza wastani wa kosa la mraba: W = (HᴴH + σ²I)⁻¹Hᴴ, nguvu ya kila simu ikiwa 1. W huzidishwa na kilichopokelewa ili kupata alama za kila simu; Hᴴ ni H iliyopinduliwa na kuwekwa viambatani changamano, I ni matriksi ya utambulisho, na σ² ni nguvu ya kelele. Hiyo σ² ndiyo breki. Ukiikadiria chini mno, tatizo linarudi lilelile.

Simu moja ikiwa na nguvu zaidi, itambue kwanza, itoe kwenye mchanganyiko, ndipo ushughulikie ya pili. Ila angalia: kwa alama za +1 na −1, ukikosea ya kwanza, mwingiliano unaobaki huwa mkubwa maradufu.