Homa ya kiangazi na mbu niliyemfuga mwenyewe

Homa ilinikuta kiangazi, na hilo ndilo lililonipoteza. Akili niliyokua nayo inasema mbu ni wa masika: mvua inyeshe, madimbwi yajae, vyura walie, ndipo unakagua chandarua kama kina tundu. Sasa ardhi imepasuka, bomba linatoa maji mara moja kwa wiki, nami nimejikunja kitandani, macho yanauma kwa nyuma kana kwamba kuna kidole kinayasukuma kutoka ndani.

Nilijitibu malaria. Kulikuwa na vidonge vimebaki kabatini, nikavimeza bila kupima, nikangoja. Siku mbili hakuna nafuu. Viungo ndiyo kwanza vinawaka. Siku ya tatu nikaenda kupima: malaria hakuna. Wakachukua damu tena, ikaonyesha dengue, homa ya kirusi kinacholetwa na mbu.

Swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Umetumia dawa gani ya maumivu?" Nilikuwa na ibuprofeni mfukoni, sijaigusa bado. Akanikataza papo hapo, hiyo pamoja na aspirini, kwa sababu zinaongeza hatari ya kuvuja damu; paracetamoli tu, tena kwa kipimo. Kisha akanieleza jambo ambalo mpaka leo nalirudia kwa kila mgonjwa ninayemtembelea: homa ikishuka usishangilie. Siku za hatari ni zile zile joto la mwili linapopungua, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya saba. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo, ufizi ukitoa damu, ukiishiwa nguvu ghafla, rudi mbio. Nikawa naenda kuhesabiwa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kila siku hadi zilipoanza kupanda.

Siku ya kuniruhusu aliuliza kama mtu anayekumbuka kitu mlangoni: "Nyumbani maji mnaweka kwenye nini?"

Tuna mapipa matatu nyuma ya nyumba. Tuliyanunua mgao wa maji ulipozidi, na tulijiona wajanja. Nilirudi nikiwa bado nayumba, nikainua ubao uliofunika pipa la kwanza, nikamulika kwa tochi. Juu ya maji walining'inia viluwiluwi, vichwa chini, mikia ikigusa uso wa maji. Kivuli changu kilipowaangukia walishuka wote kwa pamoja wakijipindapinda, kisha mmoja mmoja wakaanza kupanda tena kuvuta hewa. Baina yao kulikuwa na vingine vinene vilivyojikunja, vichwa vikubwa: hao wamebakiza siku moja au mbili tu waruke. Kwenye ukingo wa ndani alitua mama yao, mweusi, miguu ina pete nyeupe. Huyu ndiye Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengue. Anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, na anapenda vifundo vya miguu. Chandarua nilichokichomekea kwa uangalifu kila usiku kilikuwa kinanilinda na mbu mwingine kabisa.

Nilimwaga mapipa yote siku hiyo hiyo, nikayajaza tena maji yalipotoka, nikaenda kulala nikiwa nimeridhika. Siku ya nne nikamulika. Viluwiluwi, wadogo kama vipande vya uzi.

Nilidhani wametoka na maji ya bomba. Ilibidi nisome ndipo nielewe kosa langu. Mbu huyu hatagi juu ya maji. Anabandika mayai kwenye ukuta wa chombo, kidogo juu ya usawa wa maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa bila kufa. Maji yakipanda yakayafikia, yanaanguliwa. Mimi nilimwaga maji nikaacha mayai, kisha nikayajazia maji mwenyewe! Safari ya pili nilitumia brashi ngumu. Ukipitisha kidole kwenye mstari wa maji unahisi chembechembe, nyeusi kama masizi. Nikasugua kuta zote, maji ya kusuuzia nikayamwaga kwenye mchanga mkavu badala ya mtaroni, nikafunika kila pipa kwa kitambaa cha wavu mwembamba kilichobanwa na mpira wa tyubu ya baiskeli. Ule ubao wa zamani ulikuwa na pengo la vidole viwili. Kwa mbu, hilo ni lango.

Toka hapo nina daftari. Mke wangu analiita daftari la wakwe zangu. Kila Jumamosi nasugua, nakagua, naandika. Nina pia kopo jeusi lenye maji kidogo na kipande cha kitambaa kigumu kimezungushwa ndani. Jike anakuja kutaga hapo, nami nahesabu mayai kwa kioo cha kukuzia. Kopo hilo lazima limwagwe kila wiki, na kitambaa kiingie kwenye maji yanayochemka. Ukilisahau, umejenga wodi ya wazazi.

Daftari ndilo lililonifundisha habari ya joto. Nilikuwa nikichukua viluwiluwi wachanga, nawatia kwenye chupa iliyofungwa wavu, naiweka dirishani kando ya kipimajoto. Majira ya baridi, nyuzi zikiwa karibu 20, walichukua zaidi ya wiki mbili kuwa mbu. Miezi ya joto, karibu nyuzi 29, walikuwa tayari siku ya nane. Ndiyo maana nasugua kila wiki na si kila mwezi. Ratiba yangu ameipanga mbu.

Lakini mbu kuzaliwa haraka ni nusu tu ya habari. Akishanyonya damu ya mgonjwa hawezi kuambukiza siku hiyo. Kirusi, au kwa malaria kimelea, lazima kwanza kikomae ndani ya mwili wake mpaka kifike kwenye tezi za mate. Mbu jike kwa kawaida anaishi wiki mbili, tatu, akibahatika mwezi. Basi ni mbio: kimelea kitakomaa kwanza, au mbu atakufa kwanza? Kwa malaria kali, ile ya Plasmodium falciparum, hesabu ya zamani ya wataalamu inaonyesha kwamba kwenye nyuzi 18 inahitaji kama siku 55. Mbu gani ataishi siku hizo zote? Kwenye nyuzi 20 ni siku 28, kwenye 25 ni 12, kwenye 30 ni 8. Chini ya nyuzi 16 kimelea hakikui kabisa. Nilipoziweka namba hizo kwenye mstari mmoja ndipo nikaelewa kwa nini nyanda za juu zilikuwa na amani kwa miaka mingi, na kwa nini nyuzi moja au mbili tu zinaweza kuivunja. Utafiti wa nyanda za juu za Ethiopia na Kolombia uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha jambo hilo hilo: miaka ya joto zaidi, malaria hupanda mlima.

Hapa nina ugomvi kidogo na wanaosema kila joto likiongezeka kila ugonjwa unaongezeka. Sivyo. Malaria inaenea vizuri zaidi karibu na nyuzi 25. Dengue kwa Aedes aegypti karibu na 29. Joto likizidi sana mbu wenyewe wanakufa mapema. Kwa hiyo sehemu ambayo tayari ina joto kali inaweza kuona malaria ikipungua na dengue ikishika nafasi yake, ilhali zahanati bado imezoea kuuliza swali moja tu. Na si hali ya hewa peke yake. Miji inapanuka kuliko mabomba yake, watu na mizigo vinasafiri, dawa za kuua mbu zinazoeleka. Dengue ilipovuka wagonjwa milioni 14 duniani mwaka 2024, rekodi isiyo na mfano, sababu hizo zote zilikuwa zimeshikana mikono.

Jambo la ukame ndilo linalonikera zaidi, kwa kuwa ndilo lililonipiga. Tunatangaziwa tahadhari ya mafuriko, na ni haki: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta homa ya Bonde la Ufa, nayo ya mbu, iliyoua watu na mifugo Afrika Mashariki. Lakini mwaka 2004 chikungunya, homa nyingine anayoieneza Aedes, ilipolipuka Lamu hali ilikuwa kinyume, ukame, na watu wanaweka maji ndani ya nyumba. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa watu watatu katika kila wanne waliambukizwa. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umeshafika visiwa vya Bahari ya Hindi, na huko Réunion ukawapata zaidi ya watu laki mbili na nusu. Hata malaria imejifunza mapipa. Anopheles stephensi, mbu wa Asia anayezaliana kwenye maji ya kuhifadhi mjini, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, nchi ikiwa na wagonjwa 27 wa malaria. Mwaka 2020 walizidi 73,000. Dire Dawa, Ethiopia, alisababisha mlipuko mwaka 2022 katikati ya kiangazi.

(Jina chikungunya, kwa asiyejua, ni la Kimakonde: kinachomkunja mtu. Ugonjwa ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Na wapo wanaosema dengue yenyewe imetoka kwenye kidingapopo chetu.)

Sehemu ngumu haikuwa kwangu. Kopo langu liliendelea kuonyesha mayai hata baada ya mapipa kutulia, na mbu huyu haendi mbali, mara nyingi haruki hata mita mia chache. Nilijua anatoka wapi. Mzee jirani yangu ana rundo la tairi kuukuu nyuma ya banda. Tulishapuliziwa moshi wa dawa mtaa mzima. Wiki moja ya kimya, kisha wakarudi, kwani moshi unaua wanaoruka na kuacha mayai. Nilimwendea mara mbili. Mara zote alinikaribisha kiti, akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, mbu tumezaliwa nao, na tutawaacha."

Mara ya tatu sikumwambia kitu. Nilimwomba ruhusa, nikachota maji kwenye tairi lake moja, nikayatia kwenye chupa, nikafunga wavu mdomoni, nikamwachia mezani. Siku ya tatu usiku akanipigia simu.

"Wewe. Hawa wanaoruka humu ndani wametoka kwenye tairi zangu?"

"Ndiyo, mzee."

Kimya kirefu.

"Wana miguu ya madoa."

Jumamosi ile tulitoboa tairi zote ili maji yasitulie, tukazijaza udongo. Mjukuu wake akapanda maua kwenye mbili.

Mvua za kwanza zimeanza juzi. Huu ndio wakati ninaouogopa, maana mayai yaliyolala kwenye vyombo vikavu yanaamka kwa pamoja: kifuniko cha chupa, mfereji wa bati ulioziba, sahani ya chini ya chungu cha maua. Kitambaa cha wiki hii kilikuwa na mayai manne. Nimekichemsha. Sasa hivi niko juu ya ngazi na kijiko, nakwangua majani kwenye mfereji wa bati, na yule mzee anashika ngazi huku akinielekeza kona niliyoiruka.