Siku ya kuwasha turbini Olkaria

Saa 11:00 alfajiri. Naivasha kuna baridi ya kuuma. Basi la wafanyakazi linaingia mbuga ya Hell's Gate, na pundamilia hawashtuki. Kituo cha kwanza cha umeme wa mvuke wa ardhini hapa Olkaria kilianza kuzalisha umeme mwaka 1981, mbuga ikatangazwa mwaka 1984, ndiyo maana mabomba ya mvuke yameinuliwa mahali pengine ili twiga wapite chini. Leo tunawasha turbini, mashine inayozungushwa na mvuke ili kuendesha jenereta, iliyotoka kwenye ukarabati mkubwa.

Saa 1:00 asubuhi. Makabidhiano ya zamu. Swali langu la kwanza ni kama rota, yaani mhimili unaozunguka ndani ya turbini, imezungushwa polepole usiku kucha. Rota nzito ikitulia na joto likaigusa upande mmoja, inapinda, na upindo mdogo tu unatosha kuzifanya sili, vizuizi vya mvuke usivuje, zisuguane na chuma. Imezungushwa. Vizuri.

Saa 2:30. Ukaguzi wa mwisho na fundi mkuu, mzee ambaye mkono wake juu ya beringi nauamini sawa na kipimo chochote. Makufuli yote ya usalama yaliyozuia mashine isiwashwe yametolewa, vibali vimerudishwa, spana zimehesabiwa kabla ya kifuniko kufungwa. Kila mtu ana kigunduzi cha gesi kifuani: haidrojeni salfaidi hunuka kama mayai mabovu, lakini ikizidi pua huacha kuisikia.

Tulipoifungua mashine hii, nozeli za hatua ya kwanza, matundu yanayoelekeza mvuke kwenye rota, zilikuwa na ukoko mweupe wa silika, madini yaleyale ya mchanga. Mvuke wetu haupashwi moto zaidi kwenye boila kama wa makaa ya mawe. Unatoka ardhini pamoja na maji yenye madini, na separata hutenganisha viwili hivyo. Tone likiponyoka, hukauka kwenye chuma na kuacha madini yake. Njia ya mvuke hupungua, na megawati nazo. Ndiyo maana nawasumbua watu wa visima kuhusu usafi wa mvuke kuliko jambo lingine lolote.

Saa 4:00. Tunapasha moto mabomba huku vali za kutolea maji zikiwa wazi. Kondensa, chombo kinachopoza mvuke uliotumika, inavutwa hewa hadi chini ya bar 0.1, yaani kama sehemu ya kumi ya shinikizo la hewa ya kawaida.

Saa 5:40. Mvuke unaingia. Mizunguko 500 kwa dakika, tunasimama hapo na kusikiliza. Tunapanda tena, na beringi ya pili inaanza kutetemeka haraka kuliko ya kwanza. Bado hatujafika kwenye kasi ambayo rota hii hutikisika zaidi kwa asili yake. Eneo hilo hupitwa mbio, halikaliwi. Naagiza turudi 500.

Simu inalia: wadhibiti wa gridi ya umeme ya taifa jijini Nairobi wanauliza tutaingia lini. Injinia kijana aliye kando yangu ananiuliza, "Injinia, si mtetemo bado uko chini ya kikomo?" Namwonyesha mchoro. Namba yenyewe haijafika kwenye kengele, ni kweli, ila angalia jinsi mstari unavyopanda. Joto halijaenea sawasawa. Tunaipa dakika 40. Tukipanda mara ya pili, mstari umelala, na tunapita lile eneo bila kishindo.

Saa 8:00 mchana. Mizunguko 3,000, kasi inayotoa hezi 50 za gridi yetu. Sasa jaribio ninalolisimamia mwenyewe kila mara: tunaipandisha kwa makusudi kuelekea 3,300, ambapo kinga lazima ifunge mvuke yenyewe. Siku jenereta itakapokatika ghafla kwenye gridi, turbini itaongeza kasi papo hapo kwa kukosa mzigo, na hakuna binadamu atakayewahi kufunga vali kwa mkono. Watu wanakaa mbali na mashine. Vali zinajifunga kabla ya kikomo. Kijana anaandika namba, nami natia sahihi.

Saa 10:20. Tunaunganishwa na gridi. Mzigo unapanda kwa hatua, nasi tutakuwa tayari kabla ya kilele cha matumizi ya umeme cha jioni. Mvuke wa ardhini huipa Kenya takriban asilimia 40 ya umeme wake, na sehemu kubwa inatoka kwenye vilima hivi.

Saa 12:00 jioni. Nakabidhi kwa zamu ya usiku: mtetemo wa beringi ya pili uandikwe kila nusu saa, joto la mafuta lisiachwe lipande, na sampuli ya mvuke ichukuliwe saa 4:00 usiku. Silika ikionekana juu kuliko kawaida, wanipigie simu hata kama nimelala.