Nyigu wakubwa juu ya lundo la samadi: msiwapulizie dawa

Ukirundika samadi ya ng'ombe au mbuzi nyuma ya nyumba, iwe mtaa wa Panzi mjini Bukavu au kule Kabare, Kivu Kusini, jua likiwaka unaweza kuona nyigu wakubwa weusi, wenye manyoya na mabawa ya mng'ao wa bluu, wakizunguka chini chini juu ya lundo. Wengi hukimbilia dawa. Nawasihi, iacheni! Hao ni wa jamii ya Scoliidae. Hawana kiota cha kulinda, kwa hiyo hawamfukuzi mtu. Wanaozunguka hivyo aghalabu ni madume yanayongoja majike, na dume hana mwiba. Jike anao, ila huchoma akibanwa.

Kazi yenyewe iko chini ya samadi. Kwa mfano, nyigu mkubwa wa Ulaya, Megascolia maculata, ambaye jike wake anaweza kufika sentimita 4 au zaidi, huwinda buu wa chonga, yule mbawakawa mwenye pembe: buu mweupe, mnene, anayejikunja. Jike huchimba mpaka amfikie, humchoma tumboni kwenye neva, buu analegea bila kufa. Hapo hubandika yai moja. Kinda hutoboa palepale yai lilipokaa, akila polepole na kuacha viungo vya uhai mwisho, ndiyo maana nyama haiozi. Mtafiti wa wadudu Mfaransa, Jean-Henri Fabre, aliwahamisha makinda wakaanze kula pengine: buu akaoza, kinda naye akafa. Sehemu ya yai ndiyo kila kitu.

Kwa nini tujali? Chonga aliyekomaa hutoboa moyo wa mchikichi, na mti mchanga unaweza kufa. Nyigu wa jamii hii, Scolia ruficornis, walichukuliwa Zanzibar wakapelekwa visiwa vya Pasifiki kupambana na chonga wa minazi.

Basi, unapogeuza samadi, tumia uma, si jembe, jembe hukata. Buu mzima hujikunja na kung'ata ukimgusa: huyo mpe kuku. Aliyelegea, asiyejikunja, mwangalie tumboni bila kumsugua. Akiwa na yai au kinda, mrudishe kina kilekile, tumbo juu, umfunike na samadi yenye unyevunyevu. Kifuko cha kahawia, kigumu kama karatasi, ni kinda aliyekwisha kula. Naye mfukie upesi, jua humkausha. Na msigeuze lundo lote siku moja: nusu leo, nusu baada ya wiki kadhaa.