Siku Moja Maishani Mwangu: Kuifundisha Mashine Ngalawa

Jirani zangu hapa Malindi wakisikia kwamba ninalipwa kwa kutazama picha, hudhani ni mchezo. Natamani wangaliiona siku yangu ya jana.

Baada ya sala ya alfajiri nilikunywa chai kwa mahamri, na saa moja nikawa mbele ya kompyuta. Hadi saa nne nilikuwa nikiandika majina ya vyombo vya baharini vilivyo pichani, kimoja baada ya kingine, ili mashine, yaani programu ya kompyuta, ijifunze kuvitambua.

Saa nne ikaanza kazi ninayojivunia. Mashine hunufaika sana inapolinganisha vitu viwili vinavyokaribiana lakini vikatofautiana kwa jambo moja. Mwaka 1970, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Patrick Winston aliionyesha programu yake vipande vilivyopangwa kuwa tao, kisha akaionyesha mpangilio uleule ila nguzo zimegusana, akaiarifu kwamba hilo si tao. Hapo programu ikatambua kuwa uwazi kati ya nguzo ni sharti. Nami niliweka ngalawa kando ya mtumbwi, tofauti ikiwa ni yale matengo mawili tu, yaani mbao za ubavuni zinazozuia chombo kisipinduke.

Kisha nikaandika kwamba matengo kwa ngalawa ni kama magurudumu madogo ya kando kwa baiskeli ya mtoto. Saa sita mkaguzi aliye ng'ambo akaukataa mlinganisho huo, kwa kuwa mbao na magurudumu havifanani. Nilieleza, akakataa, nilieleza tena kwa urefu, na kabla sijatuma stima ikapotea na maandishi yote yakaenda nayo. Nikashuka ufuoni kwa mzee mmoja mvuvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nilipomtajia baiskeli ya mjukuu wake, hakufikiri hata kidogo. "Ndiyo hayo hayo. Yaondoe uone kama hutapinduka."

Stima iliporudi jua lilikuwa limeshainama, nami kichwa kinaniuma. Niliandika kwa mara ya tatu, nikataja nadharia ya mwanasaikolojia Dedre Gentner ya mwaka 1983: mlinganisho hushika uhusiano wa vitu, si sura zao, ndiyo maana atomu iliweza kufananishwa na jua na sayari zake. Matengo na magurudumu yote huzuia kupinduka, na uhusiano huo ndio ninaotaka mashine iujue.

Jibu lilikuja baada ya isha. Mlinganisho ulikubaliwa, ila jozi zote za asubuhi zilitakiwa ziongezwe maelezo ya namna hiyo. Nilikuwa nimeshazima taa, nikaiwasha tena.