Basi la Desemba kwenda San Antonio

Ukitaka kwenda San Antonio, Texas, kwa basi la kukodi kutoka Dallas, wa kwanza kumsikiliza ni dereva. Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa abiria kuendesha saa 10, kisha lazima apumzike saa 8 mfululizo kabla hajashika usukani tena. Dallas hadi San Antonio ni kama kilomita 440, yaani saa tano ukihesabu vituo. Kwenda na kurudi siku moja kunazimaliza saa zote hizo, na foleni ya Austin bado hujaihesabu. Ndiyo maana Desemba ile, jumuiya yetu ya Wakenya, Watanzania, Wakongo wa Kivu na familia mbili za Burundi ilipokubaliana kwenda kuona taa za Krismasi kando ya mto wa San Antonio, ubishi mkali haukuwa wa nauli. Ulikuwa wa hoteli.

Hoteli za pembezoni zilikuwa na bei karibu nusu. Lakini ukilala huko, basi ndilo litakalokurudisha usiku, na dereva akikushusha saa sita usiku haruhusiwi kuondoka tena kabla ya saa mbili asubuhi. Mweka hazina wetu, mama wa Mombasa asiye na maneno mengi, alikata shauri: tulale katikati ya mji, mahali ambapo mtu anafika mtoni kwa miguu, na dereva aachiwe mapema akalale. Chumba chake kililipwa na kikundi, kama mikataba mingi ya kukodi basi inavyotaka. Walionung'unika walinyamaza usiku wa kwanza, walipoona wenzao wanapanda kitandani huku vikundi vingine vikisubiri basi kwenye baridi.

Basi lilikuwa la viti 56. Tulijaza 51 tu. Vilivyobaki vilibeba makoti, maboksi ya maji na yeyote aliyechafukwa na tumbo. Choo cha basi dereva alikiweka kwa dharura, kwa sababu ni tangi lisilo na maji ya kusukuma, na safari ikiwa ndefu harufu huwafikia wa viti vya nyuma wakiwa wa kwanza. Kwa hiyo tulisimama Waco, chai ikamiminwa kwenye vikombe vya karatasi, mandazi yakapita mkono kwa mkono.

Kabla ya Austin dereva aliiacha barabara kuu ya I-35 akashika barabara ya kulipia ya 130, inayozunguka mji kwa mashariki hadi Seguin. Ni ndefu zaidi, na kipande chake cha kusini kinaruhusu maili 85 kwa saa, kasi ya juu kuliko barabara yoyote Marekani. Basi letu lilikuwa limefungwa lisipite 70, hivyo faida haikuwa mwendo bali kukwepa foleni. Ada hutozwa kwa kupiga picha namba ya gari, na bili huja baadaye kwa mwenye basi. Jambo hilo liandikwe kwenye mkataba, la sivyo mnaletewa deni baada ya michango kufungwa.

Wageni wetu wawili kutoka Minnesota, jimbo la baridi kali, walishuka wakiwa na fulana, wakacheka makoti yetu. Mchana wa Desemba kule hufika nyuzi 18 au zaidi, kweli. Ila upepo wa kaskazini ukiingia, joto linaanguka ndani ya saa chache, na jioni ile uliingia.

Alamo tulikwenda kwanza, misheni ya zamani ya Wahispania ambako Watexas walipigana na jeshi la Mexico. Kanisa halina kiingilio, lakini sharti uwe na tiketi yenye saa yake, na kundi la watu 51 haliingii kwa mkupuo. Tuligawanywa. Wanaume huvua kofia mlangoni. Mwalimu mmoja wa Kisumu alikuwa ametusomesha kwa maiki ya basi tangu Waco: kwamba lile tao la juu kwenye uso wa jengo, linalochorwa kwenye kila fulana, halikuwepo wakati wa vita vya 1836, jeshi la Marekani ndilo lililoliongeza mwaka 1850. Kwamba Mexico ilikuwa imepiga marufuku utumwa mwaka 1829 chini ya rais Vicente Guerrero, mwenye damu ya Kiafrika, na walowezi wa Texas wakabembeleza hadi wakaachwa nje ya amri hiyo. Na kwamba kati ya waliotoka hai na kusimulia alikuwemo Joe, kijana mtumwa wa kamanda William Travis. Kwa maoni yangu, bila Joe hadithi ya Alamo haijakamilika, na vijana wetu walimtafuta yeye kuliko Davy Crockett, mwindaji mashuhuri aliyefia hapo.

Mto uko chini ya usawa wa barabara. Unashuka ngazi na kelele za magari zinabaki juu. Mafuriko ya Septemba 1921 yaliua watu zaidi ya 50, na ikapendekezwa kipande hiki kifunikwe kigeuzwe mfereji wa maji machafu. Mwaka 1929 msanifu Robert Hugman alileta mchoro wa njia, madaraja na maduka, na ujenzi ukafanyika kati ya 1939 na 1941. Sehemu kubwa ya ukingo haina vizuizi. Maji si marefu, lakini mwenye mtoto mdogo amshike mkono, na mwenye kigari aulize lifti ilipo kabla hajaanza kushuka. Mashua ni za umeme, mzunguko ni kama dakika 35, na foleni yake hufurika giza linapoingia, kila mtu akitaka kuona taa zilizoning'inizwa kwenye miti ya misaipresi.

Mimi nilivutiwa zaidi na zilizokuwa chini. Mwishoni mwa wiki, njia ya mtoni hupangwa luminaria: mfuko wa karatasi ya kaki, mchanga, mshumaa mfupi. Mdomo wa mfuko unakunjwa nje upana wa vidole viwili ili karatasi isimame wima isiuegemee moto. Mchanga unauzuia mfuko usipeperuke, na unaushika mshumaa katikati. Mchanga ukipungua, mshumaa unalala na karatasi inaungua upande mmoja. Tuliona mifuko kadhaa ya namna hiyo, na mzee wa kujitolea akipita na kiberiti cha shingo ndefu akiwasha iliyozimwa na ule upepo. Desturi ni kumwangazia njia Maria na Yosefu wakitafuta pa kulala.

Chakula kilikuwa tamale: unga wa mahindi na nyama ya nguruwe, umefungwa kwa ganda la hindi na kupikwa kwa mvuke. Waislamu wetu waliagiza za maharage, wakauliza kwanza kama unga wake haukukandwa kwa mafuta ya nguruwe, maana ndiyo kawaida. Aprili 1976 rais Gerald Ford, papa hapa San Antonio, aliuma tamale na ganda lake mbele ya waandishi wa habari. Mama mmoja wa Bukavu, mlaji wa chikwange, mkate wa muhogo unaofungwa kwa majani, tangu utoto, alilimenya la kwake bila kuelekezwa na mtu.

Jumapili ilikuwa ya misheni za kusini, zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2015 pamoja na Alamo. Misa ya mariachi, muziki wa bendi za Kimeksiko, katika misheni ya San José hujaa, kwa hiyo tulifika mapema, na hata hivyo vijana walisimama nyuma. Baadaye, karibu na misheni ya Espada, tuliona daraja la mawe la karne ya 18 likiupitisha mfereji juu ya kijito, maji yakitembea bado. Wengi walipiga picha wakarudi kwenye basi. Mzee wa Machame, aliyekulia kwenye mifereji ya Kilimanjaro, alichuchumaa akatazama mteremko, kisha akamuuliza mlinzi wa hifadhi zamu zilikuwa za nani. Akaambiwa kila shamba la misheni lilikuwa na muda wake wa maji. "Na aliyeiba usiku," akauliza, "walimtoza nini?"