Siku Muzee alipokanyaga kle

Juzi tulikuwa tunateremka kutoka Ndosho, mtaa wa Goma, na mtoto wangu, chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa makaa ikatupita mbio. Akaniuliza, "Papa, chukudu inapasukaga mupira?" Nikamwambia haipasuki, lile gurudumu ni mbao iliyozungushiwa ukanda wa tairi kuukuu na kupigiliwa misumari, haina upepo wa kutoka. "Sasa juu ya nini magari yote hayafanye vile?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Swali hilo hilo patro, mwenye depo nilikofanya kazi, aliwahi kuliuliza, mtu mzima mwenye miwani, na jibu lake lilituletea ugomvi.

Depo ilikuwa ghala la upande wa Birere, saruji kushoto, maharagwe na mafuta kulia, mimi mlangoni na daftari. Uwanja wake ulikaa juu ya lava, mawe ya volkano, ya Januari 2002. Walimwaga kokoto wakasawazisha, lakini mvua za Goma zikipita mara mbili tatu kokoto zinakwenda na mawe yanachomoza upya, makali vile vile. Elevateri yetu, mashine ya kuinulia mizigo (forklift), ya tani 2 na nusu, ilishinda juu ya mawe hayo kutwa nzima, na magurudumu yake manne yalikuwa ya upepo. Ndiyo sababu kijana wa kwado, fundi wa kuziba mipira, alikuwa karibu mfanyakazi wetu. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, na kompresa yake tuliizoea kiasi kwamba ikinyamaza tunajua mafuta yameisha.

Kwa kawaida Muzee, dereva wa elevateri, ndiye aliyetoa gurudumu mwenyewe akalivingirisha mpaka kibandani. Siku ile alikuwa nyuma ya saruji anakunywa chai, lori la Butembo linasubiri, dereva wake anapiga honi. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limechanwa kidogo, linapumua polepole. Nikamwita kijana, akaja na vyombo vyake. Kriki, yaani jeki, aliiweka vizuri, mbao chini yake, akazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Akachagua kle, spana ya nati, akaipachika, akaegemea kwa uzito wake wote.

Sasa, janti, ile rimu ya chuma, ya elevateri ya aina ile si kama ya gari. Ni vipande viwili, kama sahani mbili zilizofunikana, na tairi limekaa katikati. Kuna duara mbili za nati. Moja inashika gurudumu kwenye mashine. Nyingine inashika kile kipande na mwenzake. Kijana alizoea pikipiki na Fuso. Tairi la gari dogo linabeba upepo wa bari 2 na kidogo, bari ni kipimo cha nguvu ya upepo. Lile letu tulikuwa tunalijaza bari 8 au zaidi, na hata likipumua namna ile bado ndani mlikuwa na nguvu nyingi.

Nati ya kwanza ikalia. Unajua ule mlio wa nati yenye kutu inapokubali. Mimi nilikuwa hatua mbili hivi, daftari mkononi, naangalia saa.

Muzee akatokea pembeni ya mifuko ya saruji, mkate mkononi. Hakupiga kelele. Nimelifikiria hilo mara nyingi, kwa sababu ningekuwa mimi ningelia kama mbuzi, na kijana angeshtuka akavuta. Muzee alitembea tu, mwendo wake ule wa kuburuta mguu, akafika, akainua kiatu akakanyaga mkono wa kle. Kijana akajaribu kuivuta, ikagoma. Akainua macho.

"Ulishatosha upepo?" Yaani, umeshautoa?

"Bado, Muzee. Natosha kwanza gurudumu."

"Hii unafungua, inashikaga nini?"

Kijana akaangalia nati. Akaangalia ile duara nyingine. Wabebaji wa maharagwe walikuwa wamesimama na magunia yao kichwani, hakuna aliyeyatua.

"Inashika hii nusu na ile nusu," Muzee akajijibu. "Ukishafungua tatu au ine, zenye kubakia upepo utafungua yeye mwenyewe. Tosha mukono. Pole pole. Na usisimame pale mbele, kuja huku pembeni."

Halafu akapiga magoti, mkate bado mkono wa kushoto, akachomoa sindano ya valvu. Upepo ukaanza kutoka. Ulirusha vumbi, ulirusha makapi ya maharagwe, ulitoka na ulitoka. Tulisimama tukausikiliza wote pamoja na dereva wa lori ambaye aliacha honi yake akaja kuona. Muzee akawa anatafuna mkate. Sauti ilipokufa, mimi nilidhani mambo yamekwisha, lakini yeye aliomba kipande cha waya, akakiingiza ndani ya valvu na kukizungusha, kwa sababu uchafu huweza kuziba njia na mtu akadhani tairi ni tupu kumbe limefunga pumzi. Akakaza tena ile nati iliyolia. Ndipo akamwonyesha kijana, kwa kidole, moja baada ya nyingine, zile za kufungua.

Kijana alicheka kidogo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. "Ingeniua, Muzee?"

"Ingekuua weye peke yako, ingekuwa bahati." Akanitazama mimi na daftari langu.

Mengine yalikwenda haraka. Jioni patro alishasikia, na kesho yake akatangaza: anataka mipira isiyo na upepo hata kidogo, mpira mtupu ndani na nje. "Kama chukudu. Kwa nini hatukufanya hivyo tangu zamani?"

Ungetegemea Muzee awe wa kwanza kupiga makofi. Alikataa kabisa. Elevateri haina springi, alisema. Springi yake ni tairi lenyewe, na kile kilichobaki kinapokelewa na mgongo wa dereva. Tena mpira mtupu haupendi safari: ukiukimbiza mbali unapata joto ndani kwa ndani mpaka unaharibika, na patro alikuwa na tabia ya kuituma mashine kwa barabara mpaka depo ya pili. Patro naye alikuwa na hesabu zake. Paleti ya saruji ni mifuko 40 ya kilo 50, tani 2 kamili, na ukiinua mzigo karibu uzito wote unahamia magurudumu ya mbele. Upana kati yao ni kama mita 1. Moja likishuka sentimita 3 kwa kupumua, mzigo ulioinuliwa mita 3 unasogea pembeni sentimita 9, na chini yake kuna watoto wa watu. Wote wawili walisema kweli. Nikijiuliza nani zaidi, jibu langu hubadilika kufuatana na mgongo wangu ulivyoamka asubuhi hiyo.

Mwenye pesa akashinda. Muuzaji alitaka kutupa zile nyeupe zisizoacha alama sakafuni; tulicheka, sakafu gani? Tukachukua nyeusi, saizi 7.00-12 mbele na 6.00-9 nyuma, zote nne kwa mara moja, maana mbele ukibadili moja ukaacha mwenzake aliyechakaa, mashine inasimama imeinama. Zilikuja zimeshapachikwa kwenye janti, kwa sababu kuzipachika kunahitaji presi yenye nguvu ya makumi ya tani. Kijana wa kwado alivuka barabara kama alivyozoea, na vyuma vyake vya kubandulia begani. Akazizunguka, akazigonga kwa kle, akarudi kibandani. Hakuna aliyemwita tena, na mimi ndiye niliyekuwa naandika malipo yake, kwa hiyo najua alikuwa anapata kiasi gani kwetu.

Nilipewa kazi ya kuziangalia. Ubavuni kulikuwa na mstari; mpira ukiliwa mpaka pale, basi. Lava inauma mpira mtupu pia, inanyofoa vipande vya kiasi cha kiganja, ila mashine haisimami, na kitu kisichosimamisha kazi hakuna anayekisikiliza. Niliandika, patro akasaini bila kusoma.

Muzee alianza kushuka kwa kushika nguzo ya mashine kwanza, anapumzika, halafu mguu wa pili. Akaomba kiti chenye springi.

"Nimenunua mipira ambayo haipasuki," patro akasema, "sasa tena kiti?"

Kiti kilikuja. Wakati huo Muzee alishaacha kazi, amehamia Bukavu kwa binti yake. Dereva mpya alikikalia asubuhi moja, akashuka analalamika kwamba kinamrusha, akarudisha kile cha zamani. Nilimwonyesha kuwa chini yake kuna kitasa, unakizungusha kufuatana na kilo zako, na hakuna aliyekigusa tangu kiwandani.

"Nitaangalia kesho, shefu," akasema, akawasha mashine.